Habari za Sayyid Saleh bin Alawi Jamalilail, naye ndiye Habib Saleh wa Lamu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake, na sahaba zake wote. Amma baad.

Katika nchi ya Korogwe, chini ya milima ya Usambara, pana mji mdogo uitwao Mkumbara, kando ya njia ya reli itokayo Tanga. Reli hiyo ilifika Mombo katika mwaka wa 1905, kisha ikapita Mkumbara ikaenda hata Moshi, ikafika huko katika mwaka wa 1911. Na Wadachi walitandika kamba ya chuma kutoka msitu wa Shume, ikawa ikishusha magogo mlimani mpaka stesheni ya Mkumbara. Kwa sababu ya reli, na mbao, na mashamba ya mkonge ya nchi ile, watu wa kabila nyingi wakakutana: Wasambaa washukao milimani, na Wazigua, na Wapare, na Wamasai wa nyikani, na Wanyamwezi na Waha na Wamakonde waliokuja kwa mkataba wa kazi, wakaitwa manamba kwa ajili ya namba walizoandikiwa. Na watu wa pwani nao wakaja, wenye maduka, na makarani, na walimu wa vyuo.

Mahali kama hapo watoto hukaa juu ya mkeka mmoja chuoni, na mahali kama hapo hujifunza pia kutukanana. Mtoto wa pwani humwita mwenziwe mshenzi. Mjukuu wa manamba huchekwa kwa jina alilobebeshwa babu yake. Mwenye damu mbili huitwa chotara, na mweusi sana hutiwa jina la chungu au la masizi. Na siku hizi tusi ambalo zamani lilikwisha uwanjani hupitishwa katika simu ya mkononi, likasomwa na vijana wa miji kumi kabla ya magharibi. Wazee wakipata habari hukasirika, wakauliza mtoto amejifunza wapi maneno hayo. Amejifunza barazani. Alikuwa amekaa nyuma ya mlango siku ile baba yake alipokuwa akiwataja watu wa bara.

Na tusi zito kuliko yote ni la utumwa. Katika nchi hii ya Handeni na Korogwe lingestahili kuogopwa kuliko kwingine. Katika njaa ya miaka ya 1830 na iliyofuata, Wazigua wengi walichukuliwa kwa vyombo mpaka Barawa na pwani ya Wasomali, wakatiwa utumwani. Wengi wakakimbia mabwana zao wakakaa kando ya Mto Juba, na wajukuu zao wakahifadhi Kizigua kizazi baada ya kizazi. Vita vya Somalia vilipozuka katika mwaka wa 1991 baadhi yao walirudi katika nchi ya babu zao, na serikali ya Tanzania ikawapa makazi Chogo, katika Wilaya ya Handeni. Huko walikotoka walidharauliwa kwa asili yao zaidi ya miaka mia na hamsini. Basi kijana wa Korogwe amwitaye mwenziwe mtumwa hajui kwamba huenda anamtukana shangazi ya bibi yake.

Kwa ajili hiyo yafaa zisimuliwe habari za mtu mmoja wa Lamu, ambaye jina lake hutajwa katika maulidi za pwani nzima, walakini si wote walitajao wajuao alivyochukiwa, wala kwa sababu gani.

Alizaliwa katika kisiwa cha Ngazija, katikati ya karne ya kumi na tisa ya miladi, katika nyumba ya masharifu wa ukoo wa Jamalilail, ambao matawi yake yako Pate na Ngazija na Hadharamaut. Akiwa bado kijana alivuka bahari akaja Lamu, kwa kuwa alikuwako ami yake aliyetangulia kukaa mji ule. Akakaa akisoma kwa wanazuoni wake, fikihi na nahau na tafsiri, na baada ya muda akaifanya Lamu kuwa mji wake. Asingefanya neno jingine, angaliishi kwa heshima kubwa. Sharifu mwenye ilimu alibusiwa mkono njiani, akapewa mahali pa mbele katika kila karamu. Hayo yote aliyakuta tayari yakimngojea.

Lamu ya zama hizo ilikuwa mji wa madaraja. Juu walikaa waungwana katika nyumba za mawe, na wengi wao walikuwa mtaa wa Mkomani. Kujenga kwa mawe kulikuwa haki yao, si ya kila mtu. Chini yao walikuwako wageni wa namna nyingi, Wahadhrami wenye kubeba maji na mizigo, na Wangazija, na Wabajuni, na chini kabisa watumwa na wazalia, ambao nyumba zao zilikuwa za udongo na makuti upande wa Langoni na nyuma yake, kwenye mchanga. Mtumwa hakuvaa viatu mbele ya bwana wake. Na katika mambo ya dini alifundishwa kiasi cha kumwezesha kusali, zaidi ya hapo hakufundishwa. Ilimu ilikuwa mali ya waungwana kama zilivyokuwa nyumba za mawe, ikirithiwa na mtoto kwa baba, na aliyeitoa nje ya ukoo alionekana kama mtu agawaye mali ya watu.

Habib Saleh ndiye aliyeitoa. Aliwakusanya watoto wa watumwa, na wa wabebaji maji, na wa wageni wasio na jina mjini, akaanza kuwasomesha Kurani, kisha akapita Kurani akawasomesha maana yake. Hapo ndipo wakubwa wa mji walipokasirika. Kumfundisha mtoto wa mtumwa kusoma herufi lilikuwa jambo la kuvumilika. Kumfundisha tafsiri na fikihi, hata akaweza siku moja kumsahihisha mtoto wa bwana wake katika msikiti, hilo halikuvumilika. Walisema analeta fitina, walisema ni mgeni asiyejua desturi za mji, wakamwekea kisirani katika misikiti yao.

Hakugombana nao. Alihama. Akaenda kukaa ukingoni mwa mji, karibu na vibanda vya wale aliowafundisha, akajenga banda la makuti akaendelea na darsa yake. Na jambo hili lataka kuzingatiwa na kila mwenye watoto, kwa maana wako watu wengi wasemao maneno mema juu ya usawa wa wanadamu huku nyumba zao na rafiki zao vikibaki pale pale. Mtoto hutazama baba yake anakula na nani. Wana wa Habib Saleh, na miongoni mwao Sayyid Ahmad Badawi na Sayyid Idarus, hawakuhitaji kuambiwa kwamba mtoto wa mtumwa ni mtu. Walikulia pamoja naye katika chuo kimoja, wakisikia makosa yake nao wakisikiwa yao.

Alikuwa pia tabibu wa dawa za miti, akiwaendea wagonjwa wasioweza kulipa. Na husimuliwa kwamba hakuanza kwa kuwakataza watumwa ngoma zao, bali aliiendea ngoma yao iitwayo uta, akawatia ndani yake maneno ya kumsifu Mtume, rehema na amani zimshukie. Wenye hasira juu yake wakapata hoja ya pili, kwamba analeta ngoma katika dini.

Hoja hiyo iliongezeka nguvu alipoleta Lamu maulidi ya Al-Habshi. Maulidi hayo, yaitwayo Simtud-Durar, yalitungwa na Habib Ali bin Muhammad Al-Habshi wa Seiwun, Hadharamaut, aliyekufa katika mwaka wa 1915. Huko Seiwun alikuwa amejenga msikiti na nyumba ya kusomeshea wanafunzi, na msikiti ukaitwa Riyadh. Habib Saleh naye, mwanzoni mwa karne ya ishirini, alipojenga msikiti pale mchangani mahali pa lile banda, akauita Riyadha. Maulidi yalisomwa humo kwa sauti kubwa na kwa matari, watu wakisimama safu wakiyumba pamoja, na safu hiyo haikupangwa kwa nasaba. Wako wanazuoni waliochukia matari msikitini kwa hoja za dini, na hoja zao zapasa kuheshimiwa, kwa kuwa hitilafu hiyo ni ya zamani na haijesha. Lakini wako pia waliochukia safu kuliko matari, wakajificha nyuma ya matari.

Katika mwaka wa 1907 utumwa uliondolewa kwa sheria katika pwani ya Kenya, kama ulivyokuwa umeondolewa Unguja katika mwaka wa 1897, na kama ulivyokuja kuondolewa Tanganyika katika mwaka wa 1922. Sheria ilimtoa mtu mikononi mwa bwana wake, walakini haikumpa ukoo, wala shamba, wala salamu njiani. Wengi walitoka mashambani wakaingia mjini wasijue wajiite nani. Riyadha ilikuwa imekwisha kuwako miaka kadhaa, mlango wazi, na ndani yake vijana wa asili yao waliokwisha kujua kusoma kitabu. Hapo yaonekana faida ya kutangulia. Angalingoja sheria ndipo aanze, angaliwakuta watu wazima waliokwisha kuvunjika nyoyo.

Katika Hadithi imo habari ya Abu Dharr, Mungu amwie radhi, ambaye alimtukana mtu kwa mama yake, na wengi husema mtu huyo ni Bilal na mama yake alikuwa Mhabeshi mweusi. Mtume akamwambia kwamba ndani yake bado mna ujahili. Abu Dharr alikuwa mtu mzima, Mwislamu wa mwanzo, mwenye kuipa dunia mgongo, na bado limo. Baadaye, katika uzee wake, watu walimkuta Rabadha amevaa nguo nzuri na mtumishi wake amevaa nguo iliyo sawa nayo, wakastaajabu, naye akawasimulia sababu. Hadithi hii husomwa katika vyuo vyote vya pwani. Hakuna mwalimu asiyeijua. Lililokuwa geni kwa Habib Saleh si kuijua, ila ni kuitenda mbele ya watoto.

Haifai kusema zaidi ya yaliyokuwa. Habib Saleh hakuubomoa mji wa madaraja. Waungwana walibaki waungwana, na katika kuoa, masharti ya kafaa yaliyomo katika vitabu vya madhehebu ya Shafii yalibaki, na nyumba nyingi zikayashika kwa nguvu kuliko zinavyoshika sala. Yeye mwenyewe alikuwa sharifu, na heshima waliyompa wanafunzi wake ilikuwa sehemu moja kwa ajili ya ilimu yake na sehemu moja kwa ajili ya damu yake. Walikuwako waliosema kwamba watu waliotoka chini ya waungwana wameingia chini ya masharifu. Neno hilo lina ukweli ndani yake, wala halipunguzi kazi aliyoifanya. Mtoto aliyetoka Riyadha akijua fikihi alikuwa na kitu ambacho hapana bwana wala sharifu aliyeweza kumnyang'anya.

Wala haikuwa Lamu peke yake. Katika zama hizo hizo Bagamoyo alikuwako Sheikh Yahya bin Abdallah, ajulikanaye kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtumwa, naye akawa sheikh mkubwa wa tarika ya Kadiria, watoto wa mji mzima wakisoma kwake, hata akafariki katika mwaka wa 1931. Wanaume wa Bagamoyo waliokuwa wakijivuna kwa asili zao walikwenda kwake kutaka fatiha. Sheikh Ramiya alipanda kutoka chini, na Habib Saleh alishuka kutoka juu. Kushuka ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa hakuna anayemlazimisha mtu kushuka.

Miaka ikapita, na wana wa waliompinga wakaanza kuja. Kwanza walikuja wachache usiku wa maulidi, wakisimama nje. Kisha wakaingia. Riyadha ikawa chuo kikubwa, wanafunzi wakaja kutoka pwani yote, na kutoka Ngazija, na walimu wakatoka humo kwenda kufundisha dini hata kwa Wapokomo wa Mto Tana, watu ambao waungwana wa zamani hawakuona haja ya kuwaendea. Na maulidi ya Lamu katika Mfungo Sita yakawa makutano makubwa, watu wakija kwa majahazi, na sasa kwa motaboti na magari, na desturi hiyo ipo mpaka leo.

Habib Saleh alifariki Lamu katika mwaka wa 1935, naye ni mwaka wa 1354 wa hijra, Mungu amrehemu.  Baada yake mwanawe Sayyid Ahmad Badawi akaishika darsa ya Riyadha, akaiendesha na wanafunzi wale wale waliokuwa wakisoma kwa baba yake.