Mahjub bin Adam: Alifuata mshahara wa baba yake Berlin, hakurudi

Na Mwandishi Wetu, Kuluba

KILA Februari ikifika, watu wa Marekani, Canada na Ujerumani huadhimisha mwezi wa historia ya watu weusi. Waingereza wao huufanya Oktoba. Na kila mwaka swali ni lilelile: mwezi huo una faida gani? Wapo wanaosema ni heshima. Wapo wanaosema ni kuifungia historia yetu sandukuni, ikatolewa siku ishirini na nane kisha ikafungiwa tena mpaka mwaka unaofuata.

Kwa sisi tunaoishi Kuluba, karibu na Salia Musala ambako Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana, swali hili linaweza kuonekana la watu wa mbali. Asubuhi mfanyabiashara anawaza lori lake limekwama Oraba au limevuka Kaya. Hata hivyo, ndugu msomaji, naomba dakika chache. Leo nakusimulia maisha ya mtu aliyezaliwa mwezi huohuo wa Februari. Asili ya baba yake ni Sudan, kama walivyo majirani zetu wengi hapa Koboko na Arua, na yeye mwenyewe alikufa nyuma ya ukuta wa kambi ya mateso huko Ulaya.

Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, wakati nchi hiyo ikiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Baba yake alikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Wajerumani. Msudani alifikaje pwani? Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann alikwenda Cairo akaandikisha Wasudani wapatao 600 waliokuwa wamelitumikia jeshi la Misri, akawaleta kupigana na Abushiri. Miaka hiyohiyo Wasudani wengine wa jeshi lilelile la Misri walikuwa huku kwetu, Wadelai na Dufile, chini ya Emin Pasha. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua waliobaki akaenda nao kuimarisha utawala wa Waingereza Uganda. Hao ndio chanzo cha Wanubi wa Bombo, na jamaa zao wako Arua na Koboko mpaka leo. Ni mto mmoja uliogawanyika mikondo miwili: mmoja ukaenda Kampala, mwingine ukaishia Dar es Salaam. Mahjub ni mtoto wa mkondo wa pili.

Vita Kuu ya Kwanza ilipolipuka mwaka 1914, Mahjub alikuwa na miaka kumi tu. Aliingia jeshini pamoja na baba yake, akafundishwa kazi ya kupeleka ishara. Leo tungemwita askari mtoto, na sisi wa mpaka huu tunajua neno hilo lina uzito gani. Oktoba 1917 katika mapigano ya Mahiwa, upande wa Lindi, mahali palipomwagika damu nyingi kuliko karibu vita vyote vya Afrika Mashariki, alijeruhiwa akakamatwa na Waingereza. Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Vita vilikwisha, Wajerumani wakaondoka, lakini deni la mishahara likabaki. Mahjub alifanya kazi ya utumishi katika meli, na mwaka 1929 akafika Berlin. Alikuwa amekwenda kudai malipo ya jeshi, yake na ya baba yake. Wizara ya mambo ya nje ikamjibu kwamba amechelewa, muda wa madai umepita. Wazee wetu wengi waliowahi kushika bunduki ya serikali hii au ile wanalifahamu jibu la namna hiyo. Unatembea na karatasi zako ndani ya mfuko wa nailoni, unapanga mstari, na mwisho wa siku unaambiwa faili limefungwa.

Hakurudi nyumbani. Alijulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Akapata kazi ya kuhudumia wateja katika jumba kubwa la starehe lililoitwa Haus Vaterland. Akafundisha Kiswahili pia, akiwa msaidizi wa lugha katika chuo ambacho maofisa na wasomi wa Kijerumani walijifunzia lugha za Afrika. Mshahara ulikuwa mdogo na cheo hakikuwa chake, ingawa lugha ilikuwa yake.

Mwezi Januari 1933 alimwoa mwanamke mzungu. Siku chache baadaye, tarehe 30 ya mwezi huohuo, Hitler akawa kansela wa Ujerumani. Kuanzia hapo mlango baada ya mlango ukafungwa. Mwaka 1935 alipoteza kazi yake Haus Vaterland. Aliomba nishani waliyopewa wanajeshi waliopigana mstari wa mbele katika vita vya kwanza, akanyimwa. Mwaka 1939 vita vya pili vilipoanza, alijitolea kuingia jeshini tena, akakataliwa.

Sehemu moja tu ilikuwa bado inamhitaji: sinema. Wajerumani walikuwa na ndoto ya kurudishiwa makoloni yao, na filamu za kuisifu ndoto hiyo zilitaka sura nyeusi za kusimama nyuma ya bwana mkubwa. Mahjub alionekana katika filamu zaidi ya ishirini, mara nyingi akiwa mtumishi, mbeba mizigo au askari mtiifu. Alikuwamo katika ile ya mwaka 1934 iliyowahusu wapanda farasi wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alikuwamo pia katika filamu ya mwaka 1941 iliyomtukuza Carl Peters, mtu ambaye wenyeji wa Tanganyika walimwita Mkono wa Damu. Huyo ndiye Peters aliyefunga safari mwaka 1889 akidai anakuja kumwokoa Emin Pasha, akapita Buganda na kutia saini mkataba na Kabaka Mwanga.

Hapa lazima tuseme ukweli. Mahjub hakuwa shujaa wa ukombozi. Alivaa sare ya askari na kusimama katika mikutano ya watu waliotaka Afrika itawaliwe tena. Msomaji anaweza kuuliza, kwa nini basi tumkumbuke? Jibu langu ni kwamba historia si orodha ya mashujaa peke yao. Mtu mweusi aliyebaki katika nchi ile miaka ile alitafuta njia ya kula na kulisha familia. Alidhani utiifu wake ungekuwa ngao. Haukuwa ngao.

Mwaka 1941, baada ya kutengeneza filamu ya Peters, alikamatwa na polisi wa siri kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin. Huko alikaa miaka mitatu, akafa tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na miaka arobaini. Deni lake halikulipwa.

Kwa miaka mingi jina lake lilizikwa pamoja naye. Filamu zilibaki, sura ilionekana, lakini hakuna aliyeuliza yule mtu aliyesimama nyuma ya bwana ni nani. Mwaka 2007 ilitoka kitabu kizima juu ya maisha yake, kilichoandikwa na profesa mmoja wa Ujerumani, na mwaka huohuo kikawekwa kijiwe cha shaba chenye jina lake mbele ya nyumba aliyoishi mtaa wa Brunnenstraße. Mwaka 2013 ikatoka filamu inayomhusu yeye mwenyewe, safari hii akiwa si mbeba mizigo.

Sasa turudi kwenye swali letu. Aliyeanzisha jambo hili la kutenga muda wa historia ya watu weusi ni Mmarekani Carter G. Woodson, aliyezaliwa mwaka 1875 na wazazi waliokuwa watumwa. Alichimba makaa ya mawe, akaanza sekondari akiwa na miaka ishirini, na mwaka 1912 akapata udaktari wa falsafa Harvard. Mwaka 1926 alianzisha wiki moja katika Februari. Miaka hamsini baadaye, mwaka 1976, wiki ikawa mwezi. Lakini Woodson hakukusudia somo lifundishwe wiki moja. Alitaka shule zifundishe mwaka mzima, na wiki ile iwe siku ya kuonyesha kilichovunwa.

Nafikiri mfanyabiashara wa Koboko anaelewa hili kuliko profesa. Siku ya soko haimaanishi kwamba watu hula siku hiyo tu. Lakini bila siku ya soko mihogo ya mwenye shamba la mbali haionekani. Ubaya huja pale mtu anapokwenda sokoni bila kulima, akaazima mihogo ya jirani na kuiita yake.

Mimi nilivuka mpaka mgongoni mwa mama baada ya vita vya 1979, nikasomea Zaire. Darasani tulikariri safari za Stanley. Hakuna aliyetuambia kwamba Stanley alipenya msitu wa Ituri akimfuata mtu aliyekaa Wadelai, kwetu nyumbani. Niliporudi, nikiwa kijana mkubwa nisiyejua Kiingereza, nilikalishwa na watoto wadogo. Kwa hiyo ninapomsoma Woodson akianza sekondari na miaka ishirini, simsomi kama mgeni.

Mwaka jana niliwapa wanafunzi wangu kazi ndogo: kila mmoja amuulize mzee wa nyumbani alivuka mpaka lini, alibeba nini, na nani hakurudi. Walileta majina. Wengine walileta karatasi za jeshi la zamani zilizoliwa na mchwa. Mtoto mmoja aliniambia babu yake alilia, kwa sababu tangu arudi hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mwezi mmoja una faida, basi, ukiwa ni siku ya soko ya shamba lililolimwa. Mahjub alipata kijiwe chake kwa kuwa mtu mmoja alikubali kufungua mafaili na kusoma. Wazee wetu hawana mafaili. Wana midomo tu, na midomo hiyo inapungua kila msimu wa mvua. Mwacha asili ni mtumwa. Jioni hii ukifunga duka, kabla ya kuhesabu fedha, kaa na mzee wako umuulize.