George Washington Carver: mtoto aliyekombolewa kwa farasi



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Rungwe Mpya. Baada ya ibada ya Jumapili pale kigangoni, kijana mmoja wa VIWAWA alinivuta pembeni. Alikuwa amekopa mbolea ya dukani, akaahidi kulipa kwa mahindi baada ya mavuno. Mvua ikakatika mapema, yakapatikana mahindi ya kula tu, deni likabaki palepale. Akaniuliza mtu asiye na mtaji anaanzia wapi. Mimi na falsafa yangu nilimjibu maneno mengi mazuri ambayo hayakumsaidia kitu. Alinishukuru kwa adabu, akaondoka. Nilikuwa nimeshafika barabarani ndipo nikakumbuka mtu ambaye ningepaswa kumsimulia habari zake. Basi namsimulia leo, na ninyi mkiwa mnasikia.

Niseme mapema kwamba George Washington Carver hakuwa Mkatoliki wala hayumo katika orodha ya watakatifu wetu. Alikuwa Mkristo wa upande wa Waprotestanti, na mtu wa sala kweli kweli.

Alizaliwa mtumwa, karibu na mwaka 1864, katika shamba la Moses Carver huko Missouri, Marekani. Tarehe yake ya kuzaliwa haikuandikwa, maana nani angehangaika kuiandika? Akiwa bado mchanga, wavamizi wa usiku walimteka yeye na mama yake Mary. Moses akamtuma mtu awafuatilie, naye akarudi na mtoto tu, mgonjwa, anakohoa. Malipo ya kazi hiyo yalikuwa farasi mmoja. Mama hakuonekana tena maisha yote. Sisi watu wa Kigoma, tunaopita Ujiji chini ya ile miembe ya njia ya watumwa, habari kama hii haituhitaji maelezo.

Afya yake ilikuwa dhaifu, hakuweza kazi nzito za shamba. Akabaki nyumbani na mke wa Moses, akijifunza kupika, kushona na kutunza bustani. Huko porini alikuwa na kibustani chake cha siri, anapeleka miche iliyonyauka, anaihamisha, anaiwekea udongo mwingine mpaka inapona. Majirani wakawa wanamletea maua yao yaliyougua. Yaani daktari wa mimea, na hajafika hata darasani!

Shule ya watoto weusi ilikuwa mji wa pili, Neosho, akaenda kwa miguu akiwa mtoto. Mama mmoja mkunga, Mariah Watkins, alimpokea, akamfundisha dawa za mitishamba na kumpa Biblia aliyoitunza hadi uzeeni. Baadaye chuo kimoja kilimkubali kwa barua, alipofika mlangoni wakaona rangi yake, wakamrudisha. Alifua nguo za watu ili ale. Mwaka 1891 aliingia chuo cha kilimo cha Iowa, mwanafunzi wa kwanza mweusi pale, na mwaka 1896 akapata shahada ya uzamili. Angeweza kubaki huko kufundisha, akiwa na maabara nzuri na heshima. Mwaka uleule Booker T. Washington alimwita Tuskegee, Alabama, kwenye shule ya Waafrika maskini. Akaenda, akakaa miaka 47.

Alichokikuta kilikuwa udongo uliokufa. Pamba ilikuwa imelimwa juu ya pamba tangu enzi za utumwa. Watu walikuwa huru kwenye karatasi, lakini walilima mashamba ya wengine, wakakopa mbegu, wakakopa mbolea, na kila mavuno yakaishia kwa mkopeshaji. Mnaona kwa nini nilimkumbuka yule kijana?

Maabara hakukuwa nayo. Aliwachukua wanafunzi wakaenda kuokota chupa, vikombe vilivyovunjika na mabati jalalani, wakatengeneza vifaa. Kisha akalifanyia shamba la majaribio hivyohivyo. Aliona kwamba mbolea ipo tayari, tena watu wanaichoma moto: majani ya msituni, mabua, na matope meusi ya kinamasi. Maelekezo yake yalikuwa rahisi kiasi cha kumfaa mtu asiyejua kusoma. Tandaza sehemu mbili za majani na matope ya kinamasi, juu yake sehemu moja ya samadi, rudia tabaka hadi lundo liwe kubwa, kisha liviringe juu kama tuta la viazi ili mvua iteleze isiioshe mboji. Kazi hiyo ifanyike wakati shamba limepumzika, ili msimu wa kupanda ukifika mboji iwe imeiva. Mwaka 1905 alitoa kijitabu juu ya kufufua ardhi iliyochoka.

Kwao wakati wa mapumziko ulikuwa majira ya baridi. Kwetu Kasulu ni kiangazi, Juni hadi Septemba, na hapo lazima mtu aongeze akili yake. Jua letu litaukausha ule mchanganyiko, kwa hiyo lundo linataka kivuli, migomba inafaa sana, na maji mara kwa mara, liwe na unyevu bila kuchuruzika. Ukigeuza juu chini kila baada ya wiki chache linaiva haraka. Mvua za Oktoba na Novemba zikianza unatia mboji kwenye mashimo ya mahindi. Nimejaribu kwenye bustani ya mama, na aliyeteka maji zaidi ni mama mwenyewe, kusema ukweli.

Mboji peke yake haikumtosha Carver. Aliwahimiza watu wabadilishe mazao, mwaka huu pamba, mwaka ujao kunde au karanga, kwa sababu mimea ya jamii hiyo, kama maharage yetu, hushirikiana na vijidudu vya kwenye mizizi kuingiza naitrojeni ardhini. Kwa wasioweza kuja shuleni, mwaka 1906 shule ikaanza kuwapelekea gari la kukokotwa lenye vifaa vya mafunzo. Karanga zikawa nyingi, hazina soko, ndipo mwaka 1916 akachapisha njia 105 za kuziandaa. Ile habari ya mitandaoni kwamba ndiye aliyevumbua siagi ya karanga si kweli, msiisambaze.

Na asiwe malaika kwenu. Alipopewa mradi wa kuku ulimshinda, hesabu hazikulingana na kuku waliokuwepo, akagombana na Washington, akatishia kuacha kazi zaidi ya mara moja. Hakuacha. Alikataa kuongezwa mshahara, akavaa koti lilelile kuukuu lenye ua kifuani. Alfajiri saa kumi alikuwa porini peke yake akisali na kuokota mimea, na Jumapili aliwafundisha vijana Biblia, kwa miaka karibu 30.

Alifariki tarehe 5 Januari 1943, baada ya kuanguka kwenye ngazi. Akiba yake ya maisha, karibu dola 60,000, alikuwa ameiachia taasisi ya utafiti pale Tuskegee. Akazikwa kando ya Washington, yule waliyegombana kuhusu kuku.

Miaka minne tu baadaye, mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilileta karanga kwa kishindo hapa kwetu Tanganyika: Kongwa, Nachingwea, na Urambo, ambayo mnaipita mkienda Tabora. Zililetwa matrekta, fedha kwa mamilioni ya pauni na wataalamu. Udongo wa Kongwa ukakauka ukawa mgumu kama tofali, mvua zikakosekana, na mwaka 1951 mpango ukafungwa.

Yule kijana nimemtumia ujumbe kwa simu. Amejibu kwamba samadi anaweza kuipata kwa mjomba wake, ila anauliza kama majani ya mikaratusi yanafaa. Nimemwambia ayaache, yanachelewa kuoza na hayafai kwa miche, atumie ya migomba.