Enno Littmann (1875–1958) na maneno ya Kilidia

Enno Littmann alizaliwa Oldenburg, Ujerumani, akabobea katika lugha za Kisemiti. Mwaka 1906 aliongoza msafara wa Kijerumani uliochunguza magofu na maandishi ya Aksum, Ethiopia. Wasomaji wengi wa Kijerumani walimfahamu kwa tafsiri yake ya Alfu Lela Ulela kutoka Kiarabu. Kwa watunga kamusi, hata hivyo, kazi yake yenye funzo kubwa ilihusu lugha iliyokwisha kufa zamani.

Kilidia kilisemwa magharibi mwa Uturuki ya leo, katika nchi ambayo mji wake mkuu ulikuwa Sardi. Herufi zake nyingi hufanana na za Kigiriki, hivyo maneno yaliweza kusomwa kwa kiasi. Kilichokosekana ni maana. Mwaka 1912 msafara wa Wamarekani chini ya Howard Crosby Butler ulipata huko jiwe la kaburi lenye maandishi ya Kilidia na ya Kiaramu, lugha ya uandishi ya dola ya Uajemi. Littmann alichapisha maandishi hayo mwaka 1916.

Mlango wa kuingilia ulikuwa majina. Artemi wa Efeso anatajwa katika lugha zote mbili, na jina lake lilisaidia kuthibitisha sauti za herufi. Baada ya majina ipo laana: mwenye kuliharibu kaburi, Artemi atamharibia ua, nyumba, udongo, maji na mali. Neno la Kiaramu la nyumba, ndugu wa *bayt* ya Kiarabu iliyokipa Kiswahili *beti* ya shairi, linalingana na *bira* ya Kilidia. Hata hivyo, orodha hizo mbili hazifuatani neno kwa neno: mali ni ya tatu katika Kiaramu, lakini katika Kilidia huja baada ya maji. Anayelinganisha kwa mpangilio pekee atayaita mali maji.

Littmann alifariki Tübingen mwaka 1958. Wataalamu waliomfuata walirekebisha usomaji wa baadhi ya herufi, wakakiweka Kilidia katika tawi la Anatolia, pamoja na Kihiti. Mwaka 1964 Roberto Gusmani alichapisha kamusi ya lugha hiyo. Maandishi mengi ya Kilidia hayana tafsiri ya kale, na maneno yake kadhaa yangali fumbo. Ndiyo maana kamusi ya lugha ya namna hii hutenganisha maana iliyothibitishwa na maana iliyokisiwa. Pasipo mpaka huo, dhana ya mtafiti mmoja hugeuka ushahidi wa mwingine.