Mtakatifu Marianne Cope: Mama wa Usafi, Bustani na Wagonjwa Waliotengwa

Tarehe 23 Januari ya kila mwaka, Kanisa nchini Marekani humkumbuka Mtakatifu Marianne Cope, Sista Mfransisko aliyetumia miaka 35 ya mwisho ya maisha yake kati ya wagonjwa wa ukoma katika visiwa vya Hawaii. Wengi wetu tumezoea kusikia habari za Mtakatifu Damiano wa Molokai, na ni haki tuzisikie. Hata hivyo, tumeona vema leo kumtazama mwanamke huyu aliyempokea Damiano alipokuwa akikimbiwa na watu, akamuuguza katika miezi yake ya mwisho, kisha akaiendeleza kazi kwa karibu miaka 30 baada ya kifo chake. Katika masimulizi mengi amewekwa nyuma ya kivuli cha padre huyo, na sisi tunadhani hiyo si stahili yake.

Alizaliwa tarehe 23 Januari 1838 huko Heppenheim, Ujerumani, akabatizwa kwa jina la Barbara. Mwaka uliofuata wazazi wake walihamia Marekani na kufanya makazi mjini Utica, katika Jimbo la New York. Walikuwa maskini. Baba yake alipougua na kushindwa kazi, Barbara aliingia kiwandani akiwa bado binti mdogo ili ndugu zake wapate chakula. Wito wa utawa alikuwa nao tangu mapema, lakini aliuweka moyoni kwa miaka mingi, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mwingine wa kuubeba mzigo ule. Ni mwaka 1862 tu, baba alipokwisha kufariki na wadogo zake walipoweza kujitegemea, ndipo alipoingia katika Shirika la Masista Wafransisko wa Syracuse na kupewa jina la Marianne. Umri wake ulikuwa miaka 24.

Alianza kama mwalimu katika shule za wahamiaji wa Kijerumani, lakini kipaji chake kikubwa kilijitokeza katika uongozi wa hospitali. Shirika lake lilifungua Hospitali ya Mtakatifu Elizabeti mjini Utica mwaka 1866, na Hospitali ya Mtakatifu Yosefu mjini Syracuse mwaka 1869. Hii ya pili ilianzia katika jengo lililokuwa baa na ukumbi wa dansi, jambo ambalo pengine lilizua maneno mjini. Sista Marianne aliiongoza kuanzia mwaka 1870. Milango yake ilikuwa wazi kwa watu wa kila dini na kila rangi, hata kwa walevi waliokuwa wakifukuzwa kwingineko kwa kuonekana kwamba maradhi yao ni ya kujitakia. Aliwakubali wanafunzi wa udaktari waje kujifunza wodini, lakini kwa sharti kwamba mgonjwa asiyetaka kutazamwa na mwanafunzi aheshimiwe uamuzi wake. Na alisisitiza kunawa mikono kabla ya kumhudumia mgonjwa.

Jambo hili la kunawa mikono tusilipite haraka. Zilikuwa nyakati ambazo elimu ya vijidudu vya maradhi ilikuwa bado changa, na madaktari wengi hawakuona sababu ya kujisumbua kwa maji na sabuni kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Bakteria wa ukoma wenyewe walitambuliwa mwaka 1873 na daktari Gerhard Armauer Hansen wa Norway, wakati Sista Marianne alikuwa tayari akisimamia wodi kwa utaratibu wa usafi ambao leo kila zahanati ya kijiji inaufahamu.

Mwaka 1877 alichaguliwa kuwa Mama Mkuu wa Shirika, akachaguliwa tena mwaka 1881. Mwaka 1883 barua ikafika kutoka Hawaii, ambayo wakati ule ilikuwa ufalme unaojitegemea. Mfalme Kalakaua na Malkia Kapiolani walikuwa wakitafuta watawa wa kuwahudumia wagonjwa wa ukoma. Mashirika zaidi ya 50 yalikuwa yamekwisha kuombwa, na yote yakakataa. Mama Marianne alijibu kwa furaha kwamba yuko tayari. Pamoja na masista wengine sita alivuka bara kwa treni, kisha bahari kwa meli, na tarehe 8 Novemba 1883 wakashuka Honolulu huku kengele za Kanisa Kuu la Bikira Maria Malkia wa Amani zikilia kuwakaribisha. Nia yake ilikuwa kuwasimika wenzake katika kazi, kisha arudi Syracuse kuendelea na wajibu wake wa Mama Mkuu. Hakurudi tena.

Kituo walichokabidhiwa kilikuwa Kakaako, kando ya jiji, katika eneo la kinamasi cha chumvi karibu na bahari. Nyumba zilizokusudiwa watu wapatao 100 zilikuwa na zaidi ya 200. Vidonda vilikuwa havifungwi, matandiko hayafuliwi, harufu na nzi vimetawala kila chumba. Masista walianza kwa ndoo, fagio na maji ya moto. Lakini uchafu haukuwa tatizo pekee, kwani msimamizi aliyewekwa na serikali alikuwa akiwatendea wagonjwa kwa ukatili. Mama Marianne hakunyamaza kwa kuogopa kupoteza kibali cha wakubwa. Aliwaambia viongozi wa serikali wachague: ama mtu huyo aondolewe, ama masista warudi kwao. Serikali ilimwondoa, na kituo chote kikawa chini ya uongozi wake. Tunapousifu upole wa watakatifu tukumbuke pia siku kama hii.

Mwaka 1884 serikali ilimwomba aanzishe hospitali katika kisiwa cha Maui, naye akafanya hivyo. Mwaka 1885 alifungua Makao ya Kapiolani kwa ajili ya mabinti wazima wa wagonjwa, watoto ambao hakuna nyumba iliyokubali kuwapokea kwa hofu ya damu yao. Mfalme alimtunukia nishani mwaka huo. Mwaka 1886 Padre Damiano alikuja Honolulu, akiwa tayari amegunduliwa kuwa na ukoma, na wengi, hata baadhi ya wahudumu wa Kanisa, walijitenga naye. Mama Marianne alimkaribisha.

Kisha siasa zikabadilika. Mapinduzi ya mwaka 1887 yalileta serikali mpya, ambayo iliamua kukifunga kituo cha Kakaako na kuwapeleka wagonjwa wote katika rasi ya Kalaupapa, kisiwani Molokai, ambako bahari iko pande tatu na upande wa nne umezibwa na majabali marefu. Sheria ya kuwatenga ilikuwapo tangu mwaka 1865. Ilimtenga mume na mkewe, ikamnyang'anya mama mtoto wake. Kwa miaka yote ya sheria hiyo, watu wapatao 8,000 walipelekwa huko. Msomaji anaweza kuuliza kwa nini Mama Marianne hakuipinga sheria yenyewe. Tunakiri kwamba swali hilo ni zito. Alikuwa mgeni katika nchi ile, na wakati ule dawa haikuwapo. Alichochagua ni kwenda nao. Novemba 1888, akiwa na Sista Leopoldina Burns na Sista Vincentia McCormick, aliingia Kalaupapa akijua kwamba huenda hatatoka.

Walikabidhiwa Makao ya Bishop kwa ajili ya wanawake na wasichana. Miezi mitano baadaye, tarehe 15 Aprili 1889, Padre Damiano akafariki, na masista wakabeba pia mzigo wa makao ya wavulana aliyoyaacha.

Hapa ndipo tunapoona sura ya Mama Marianne inayotugusa zaidi. Rasi ile ilikuwa kavu, upepo mkali, miti michache. Mtu angeweza kusema kwamba waliopelekwa kufa hawahitaji bustani. Yeye aliagiza miche na mbegu. Akapanda miti ya matunda, mboga na maua, na miti ya kukinga upepo, akichimba yeye mwenyewe pamoja na masista na wagonjwa walioweza kushika jembe. Mboga na matunda yaliingia jikoni, na kivuli kikawapa wagonjwa mahali pa kukaa nje ya vyumba vya vidonda. Akawafundisha wasichana kushona, akawashonea magauni yaliyopendeza, kwa sababu hakutaka msichana mwenye ukoma avae kama mtu aliyekwisha kuzikwa. Mwandishi Robert Louis Stevenson alipotembelea Kalaupapa mwaka 1889, alicheza na wasichana hao, na baada ya kuondoka akawatumia piano.

Sista Leopoldina alikuwa na hofu ya kuambukizwa. Mama Marianne alimhakikishia kwamba hakuna sista hata mmoja atakayeupata ugonjwa huo, na ndivyo ilivyokuwa. Wapo wanaouita huo muujiza. Sisi hatuna sababu ya kuitenganisha neema na sabuni: alidai usafi bila msamaha, na leo sayansi inatufundisha kwamba ukoma hauambukizi kwa urahisi, tena watu walio wengi wana kinga ya asili dhidi yake.

Tuseme jambo hili wazi, maana hata katika parokia zetu bado wapo wanaohama benchi wakimwona mtu mwenye makovu ya ukoma. Ugonjwa huu unatibika. Dawa mseto hutolewa bure, na mgonjwa aliyeanza kuzitumia huacha kuambukiza wengine baada ya muda mfupi. Baka lisilo na hisia kwenye ngozi lipelekwe kituo cha afya mapema, kabla vidole havijapinda. Anayechelewa kwa kuona aibu mara nyingi amefundishwa aibu hiyo na majirani zake.

Katika miaka yake ya mwisho Mama Marianne alitembea kwa kiti cha magurudumu. Alifariki tarehe 9 Agosti 1918, akiwa na umri wa miaka 80, akazikwa katika eneo la Makao ya Bishop. Sheria ya kuwatenga wagonjwa ilifutwa mwaka 1969. Alitangazwa Mwenyeheri tarehe 14 Mei 2005, na Baba Mtakatifu Benedikto XVI akamtangaza Mtakatifu tarehe 21 Oktoba 2012. Masalia yake yalipelekwa Syracuse mwaka 2005, kwa masista aliowaaga miaka mingi iliyopita. Mwaka 2014 yalirudishwa Hawaii, na sasa yanatunzwa katika Kanisa Kuu la Honolulu, lile lile ambalo kengele zake zilimlaki mwaka 1883.