Bibi Bertha Benz na Ngozi ya Breki

Ndugu zangu wanafunzi, nanyi wakubwa wetu mliosoma hapa zamani, leo napenda kuwaeleza habari za maisha ya Bibi Bertha Benz, mama wa Kijerumani aliyefariki kabla ya wengi wa baba zetu kuzaliwa. Huenda mtauliza mtoto wa Nakivale alijuana naye wapi. Nilipata habari zake katika gereji moja ya Mbarara, siku nilipokaribia kufanya kosa kubwa.

Kwetu ni makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, yaliyofunguliwa mwaka 1958. Wazazi wangu walitoka Kivu, ndiyo sababu nyumbani twasema Kiswahili. Wakati wa likizo nilikuwa nikienda Mbarara kujifunza ufundi wa magari. Siku moja akaja mzee jirani yetu na gari lake kuukuu la Kijerumani, alilokuwa akichukulia abiria, na mara nyingine wagonjwa, kutoka Nakivale mpaka hospitali ya Mbarara. Taa ya breki mbele ya dereva ilikuwa ikiwaka bila kuzimika, na abiria walikuwa wameanza kuogopa.

Taa ile huwashwa na sensa, yaani waya mdogo uliofunikwa plastiki na kuchomekwa ndani ya padi ya breki. Padi ikilika mpaka ikawa nyembamba, diski hukwaruza ile plastiki, waya hugusa chuma, na taa huwaka. Fundi mkuu hakuwapo. Mimi nikachomoa waya wa gurudumu la kulia, na mara taa ikazimika. Mzee akafurahi sana, akatia mkono mfukoni anilipe. Nami nikajiona fundi kamili.

Papo hapo fundi mkuu akarudi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu taa ile itasema nini siku padi zitakapokwisha kweli, na gari limejaa watu. Sikuwa na jibu. Ndipo akatuketisha, akatusimulia habari za Bibi Bertha, nami baadaye nikazisoma vitabuni.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1849 katika mji wa Pforzheim. Alipochumbiwa na Carl Benz, mhandisi kijana asiye na mali, alikubali sehemu ya mahari aliyopewa na wazazi wake itumike kuokoa karakana ya mchumba wake. Walioana mwaka 1872, wakapata watoto watano. Miaka mingi waliishi kwa shida, maana fedha zote ziliingia katika mitambo. Mwezi Januari 1886 Bwana Benz akaomba hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wa motakaa yake ya magurudumu matatu. Lakini watu hawakuinunua. Waliiogopa, na mwenyewe alikuwa mtu wa kusitasita.

Basi mwezi Agosti 1888 Bibi Bertha, bila kumwambia mumewe, akaondoka alfajiri na wanawe wawili, Eugen na Richard. Wakaitoa motakaa na kushika njia kutoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa mama yake, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Hakuna aliyepata kusafiri mbali hivyo kwa motakaa. Mafuta yalipopungua, akanunua mengine katika duka la dawa mjini Wiesloch. Mrija wa mafuta ulipoziba, akauzibua kwa pini ya kofia yake. Milimani wakashuka na kusukuma.

Katika kuteremka, breki zikaanza kushindwa. Zilikuwa vipande vya mbao vilivyokandamiza gurudumu, na mbao ilikuwa imelika. Siku zile hapakuwa na sensa wala taa. Palikuwa na macho yake na masikio yake tu. Hakujidanganya kwamba watafika hivyo hivyo. Alisimama kwa fundi viatu, akamtaka apigilie ngozi juu ya zile mbao, ndipo wakaendelea. Ngozi ile ndiyo mzazi wa padi tunazofunga leo. Walifika jioni, akampelekea mumewe simu ya maandishi. Aliporudi alimweleza kila kasoro aliyoiona, naye Bwana Benz akaongeza gia ya kupandia milima. Bibi Bertha aliishi miaka mingi baada ya mumewe, akafariki mjini Ladenburg tarehe 5 Mei 1944, siku mbili baada ya kutimiza miaka 95.

Fundi alipomaliza hadithi, tukaanza kazi upya. Tuliinua gari kwa jeki, tukaweka vigogo chini yake, tukatoa gurudumu. Kwanza tulipima padi zenyewe. Zilikuwa zimebaki milimita 8, basi hazikuwa na kosa. Tukaweka mita, mguu mmoja kwenye waya wa sensa na mwingine kwenye chuma cha gari. Umeme haukupaswa kupita, lakini ulipita. Tukaufuata waya kwa vidole, tukakuta umechomoka katika kishikizo chake, ukasuguliwa na chuma katika barabara ya mawe mpaka shaba ikaonekana.

Tulichomoa sensa ile, tukasukuma mpya katika tundu la padi mpaka ikakaa imara, tukapitisha waya wake katika vishikizo vyote. Tukageuza usukani kushoto na kulia kuhakikisha haugusi gurudumu. Kabla ya kuunganisha, fundi aligusisha waya wa upande wa gari kwenye chuma kwa makusudi, na taa ikawaka. Hivyo tukajua kwamba taa ni nzima. Tukaunganisha, ikazimika. Tukarudisha gurudumu, tukakanyaga breki mara kadhaa mpaka ikawa ngumu, ndipo gari likaondoka.

Mzee alilipa zaidi ya alivyokusudia, na hakupendezwa sana. Lakini jioni ile lilipopakia watu wa Nakivale, mmoja wa abiria alikuwa mama yangu mzazi, aliyekuja Mbarara kwa matibabu. Nilipomwona akifunga mlango, mikono yangu ilitetemeka.

Ndugu zangu, taa ikiwaka, msiinyamazishe kabla ya kujua sababu. Yaweza kuwa imekosea, lakini hilo hujulikana kwa kupima, si kwa kuchomoa waya. Bibi Bertha alisimama njiani akaitengeneza breki iliyolika, wala hakuona haya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.