KIJANA ALIYEIACHA BAHARI AKASHIKA MIZINGA

Mpenzi msomaji, jina la Napoleon Bonaparte bila shaka si geni kwako. Umelisoma katika vitabu vya Historia na labda umeiona picha yake, mkono umeingizwa ndani ya koti. Lakini je, wajua kwamba jemadari huyu nusura awe mwanamaji? Hebu tufuatane.

Napoleon alizaliwa tarehe 15 Agosti 1769 mjini Ajaccio, katika kisiwa cha Corsica ambacho Ufaransa ilikuwa imetoka tu kukitwaa. Baba yake, Carlo, alikuwa wakili wa ukoo wa heshima, lakini mfuko ulikuwa mwepesi na watoto walikuwa wengi. Bahati ni kwamba serikali ya mfalme iliwalipia karo wana wa makabaila maskini katika shule za kijeshi. Carlo akahangaika na hati zake huku na huko mpaka mwanawe akapata nafasi.

Mei 1779, akiwa na umri wa miaka 9 tu, Napoleon aliingia shule ya Brienne iliyoendeshwa na watawa. Jamani, maisha ya bweni hayakuwa mteremko! Kifaransa alikuwa amejifunza kwa miezi michache tu, na kila alipofumbua kinywa wenzake waliangua kicheko kwa sababu ya lafudhi yake. Hata jina lake walilifanyia mzaha. Nyumbani nako kulikuwa mbali; hakukanyaga Corsica tena mpaka 1786.

Badala ya kulia, alipiga moyo konde akajitosa vitabuni. Kilatini kilimpiga chenga, lakini hesabu aliziweza barabara. Historia na Jiografia nazo alizipenda kama chanda na pete.

Mwaka 1783 mkaguzi wa shule za kijeshi, Keralio, alimpima akaona anafaa kuwa mwanamaji. Naam, mtoto wa kisiwani arudi baharini! Tena jeshi la majini lilihitaji watu wa hesabu, ilhali vyeo vya juu katika kikosi cha wapanda farasi viliwaendea wana wa vigogo. Kijana akaanza kujiandaa. Lakini mja hunena, Mungu hutenda. Mwaka uliofuata alikuja mkaguzi mwingine, naye akamchagua kwenda shule kuu ya kijeshi ya Paris. Manowari zikawekwa kando, na Oktoba 1784 Napoleon akahama Brienne kwenda kusomea mizinga.

Kwa nini mizinga? Kwa sababu huko pia hesabu ndizo zilizotawala. Ili kombora lifike linakotakiwa, ilibidi mtu akokotoe umbali, pembe na kiasi cha baruti. Jina la ukoo halikuweza kufanya kazi hiyo.

Hakuwa amekaa sana Paris kabla ya msiba kubisha hodi. Februari 1785 Carlo aliaga dunia, akaiacha familia katika dhiki. Wanafunzi wengi walihitaji miaka miwili au zaidi kabla ya kufanya mtihani wa maafisa wa mizinga. Napoleon hakuwa na muda huo. Alisoma usiku na mchana, na kabla ya mwaka mmoja kwisha akaketi mbele ya mtahini Laplace, mwanahisabati mashuhuri. Kati ya waliofaulu 58, alishika nambari 42. Usicheke, ndugu msomaji! Wengi waliomtangulia walikuwa wamesoma muda mrefu kumshinda. Akiwa na miaka 16 akawa luteni, akatumwa mjini Valence.

Matunda yalionekana mwaka 1793. Bandari ya Toulon ilikuwa imeangukia mikononi mwa manowari za Uingereza na Uhispania. Napoleon aliona kwamba aliyeweka mizinga juu ya rasi iliyoelekea bandari angezifukuza meli zote. Desemba rasi ilitekwa, meli zikang'oa nanga, naye akapandishwa cheo kuwa jenerali akiwa na miaka 24. Kijana aliyeikosa bahari akawafurusha mabaharia!

Mwaka 1804 alijitawaza kuwa Mfalme Mkuu wa Ufaransa. Hata hivyo, hakuwa malaika. Alikuwa amerudisha utumwa katika makoloni ya Ufaransa mwaka 1802, na vita vyake viliangamiza watu wengi mno. Na ile bahari aliyoiacha? Ilimlipiza kisasi. Mwaka 1798 manowari zake ziliteketezwa pwani ya Misri. Mwaka 1805, huko Trafalgar, Nelson alivunja nguvu za meli zake bila Waingereza kupoteza hata meli moja. Baada ya kushindwa Waterloo mwaka 1815, alijisalimisha ndani ya manowari ya Uingereza, na nyingine ikampeleka kisiwa cha St Helena. Huko, akizungukwa na maji pande zote, alifariki tarehe 5 Mei 1821.

Wenzangu, wakati wa kuchagua masomo huwa tunakosa usingizi. Mlango mmoja ukifungwa twaona dunia imekwisha. Napoleon alibadilisha shule na kikosi, lakini hesabu alihama nazo, na ndizo zilizomwinua. Ila tusidharau lile somo tunaloliacha nyuma, kwani huenda siku moja likaja kutudai. Kwaherini, na tukutane tena mwakani!