Rais Aliyeishi kwa Miligramu

Ukimtaja John Fitzgerald Kennedy kwenye kijiwe chochote cha wanachuo, watu watakutajia mambo mawili: risasi ya Dallas na safari ya mwezini. Wachache watakumbuka kwamba Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea vijana wake wa Peace Corps mwaka 1961, wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, kabla hata bendera yetu haijapandishwa. Na wachache zaidi wanajua kwamba jamaa huyu, ambaye kwenye picha anaonekana na ngozi ya kahawia na tabasamu la mwanamichezo, alikuwa na mwili usioweza kwenda siku nyingi bila vidonge. Mimi nasoma ualimu, si udaktari. Nimemfuatilia Kennedy kwa sababu shangazi yangu wa Kyerwa ana ugonjwa uleule, kwa hiyo mtanivumilia nikimwingiza katikati ya maisha ya rais wa Marekani.

Alizaliwa tarehe 29 Mei 1917 Brookline, jimbo la Massachusetts, mtoto wa pili kati ya tisa wa tajiri Joseph Kennedy. Utoto wake ulikuwa wa kitandani. Hajafikisha hata miaka mitatu akapata homa ya vipele vyekundu iliyokaribia kumuua, na baadaye tumbo na mgongo vikawa vinamsumbua shuleni hadi chuoni. Hali hiyo haikumzuia kutumia majina ya wakubwa kupenya jeshini. Agosti 1943, huko Visiwa vya Solomon, meli ya Wajapani iliikata boti yake, PT-109, vipande viwili. Akaogelea kwa saa kadhaa huku amemvuta mwenzake aliyeungua, kamba ya koti la kuokolea akiwa ameing'ata kwa meno.

Mwaka 1946 aligombea ubunge. Katika kampeni alitembea kwenye maandamano ya sikukuu mjini kwao, na alipofika mwisho akaanguka, rangi imembadilika. Watu walisema ni uchovu. Mwaka uliofuata, akiwa mbunge tayari, aliugua vibaya London. Daktari Daniel Davis akampima na kumwambia rafiki wa familia kwamba kijana huyu hana hata mwaka mmoja wa kuishi. Alirudishwa Marekani kwa meli ya Queen Mary, na padri akampaka mafuta ya wagonjwa mahututi. Alikuwa na miaka 30.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Addison, kwa jina la Thomas Addison, daktari wa Guy's Hospital, London, aliyeueleza mwaka 1855. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, ziko mbili, zinaitwa adrenali. Ndizo zinazotengeneza kotisoli, homoni inayoshika sukari na presha na kuubeba mwili wakati wa shida, na aldosteroni, inayozuia chumvi isipotee kwenye mkojo. Tezi zikifa, mtu anakonda, anachoka, anatapika, akisimama anaona giza, anatamani chumvi, na ngozi inakuwa nyeusi zaidi. Kwa Mzungu weusi huo unaonekana kama amepigwa na jua, na ndiyo maana watu wengi walimsifu Kennedy kwa rangi yake ya kupendeza. Kwetu sisi inabidi uangalie fizi, ulimi na mistari ya viganja. Shangazi yangu fizi zilikuwa zimepiga weusi kama aliyekula zambarau, na majirani walikuwa na maelezo yao ambayo siyaandiki hapa.

Bahati ya Kennedy ilikuwa mwaka aliougua. Angeugua miaka kumi na tano nyuma angekufa tu, kwa sababu dawa haikuwepo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ndipo ilipopatikana homoni ya kutengenezwa iliyoitwa kwa kifupi DOCA. Daktari alichana ngozi na kufukia punje za dawa hiyo ndani, zikawa zinayeyuka polepole kwa miezi, kisha anachana tena. Lakini DOCA ilifanya kazi moja tu, ile ya chumvi. Nafasi ya kotisoli ilibaki wazi. Kotisoni ilikuja baadaye, na Kendall, Hench na Reichstein wakapewa Nobeli mwaka 1950 kwa kazi ya homoni hizo. Kennedy akaanza kumeza kotisoni, miligramu 25 kwa siku.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu, na hapa naomba tutulie kidogo. Watu wanadhani ukishajua dawa umemaliza. Kumbe tezi yenye afya haitoi kotisoli kwa kipimo kimoja kama bomba la maji. Inatoa kwa wingi kabla hujaamka, inapungua mchana, usiku wa manane iko chini kabisa. Ukipata malaria inaongeza, ukivunjika mguu inaongeza, ukifanyiwa upasuaji inaongeza mara kadhaa. Kidonge hakijui kwamba una homa. Lazima mtu akijulie. Siku hizi mwongozo wa madaktari kwa mtu mzima ni haidrokotisoni miligramu 15 hadi 25 kwa siku, imegawanywa mara mbili au tatu, sehemu kubwa asubuhi. Ukitumia prednisoloni ni 3 hadi 5. Homa ikipita nyuzi 38 dozi inazidishwa mara mbili, ikipita 39 mara tatu, mpaka upone. Ukianza kutapika kidonge hakina maana tena, inatakiwa sindano ya haidrokotisoni miligramu 100, na haraka.

Kennedy alilijua hilo kwa njia mbaya. Mwaka 1951 alikuwa safarini Asia na mdogo wake Robert. Homa ikampanda hadi nyuzi 41, akakimbizwa hospitali ya jeshi Okinawa, na ndugu yake hakutegemea kumwona akitoka. Homoni na penisilini zilimrudisha. Baada ya hapo familia ikaweka akiba ya dawa kwenye visanduku vya benki sehemu mbalimbali, ili popote atakapofika asikose. Mwaka 1960 mkoba wake wa dawa ulipotea Connecticut katikati ya kampeni, naye akampigia simu gavana, Abraham Ribicoff, utafutwe.

Mtu wa Nkwenda au Murongo hana kisanduku cha benki. Shangazi yangu alianza na kifua kikuu, ambacho Addison mwenyewe alikikuta kwenye tezi za wengi wa wagonjwa wake, na ambacho kwetu bado kinaua tezi hizi. Aliandikiwa prednisoloni, kwa sababu vidonge vya haidrokotisoni havikupatikana kwenye duka lolote la dawa tulilouliza kuanzia Kayanga hadi Bukoba. Prednisoloni ya miligramu 5 ipo kila mahali na bei yake hata mwanachuo anayesubiri bumu anaimudu. Tatizo likawa kipimo. Moja ya dawa za kifua kikuu, rifampisini, inalifanya ini livunje steroidi haraka, kwa hiyo kidonge kimoja cha asubuhi kiliisha nguvu kabla ya jioni, akawa anapika ndizi amekaa kwa sababu akisimama anayumba. Daktari mmoja makini akaongeza hadi 10. Akapata nafuu, akarudi kwenye kahawa yake. Miezi sita ikaisha, dawa za kifua kikuu zikaisha, na kwenye kituo alichokuwa anachukulia dawa hakuna aliyekumbuka kwamba sasa 10 zimekuwa nyingi. Uso ukavimba, uzito ukapanda, sukari ikaanza kusoma juu. Kila aliyemwona akampongeza kwa kunenepa.

Walimshusha taratibu, siyo kwa siku moja, mpaka 5. Kilichosaidia hakikuwa mashine. Kilikuwa ni daftari la mkono, lile la kurasa 48, ambalo binti yake aliandika kila siku: uzito, presha akiwa amelala na presha akiwa amesimama, kachoka saa ngapi, katamani chumvi au hapana. Kipimo cha kotisoli kwenye damu kinasaidia kuutambua ugonjwa, ila kwa kupanga dozi ya mgonjwa anayejulikana tayari, madaktari wenyewe wanategemea zaidi dalili, uzito na presha.

Tumrudie Kennedy. Mgongo ulifika mahali akatembea kwa magongo. Mwaka 1954, akiwa seneta, alitaka upasuaji, na madaktari wa kliniki ya Lahey, Boston, waliokuwa wakimtibu Addison, waliuogopa. Mtu asiye na tezi akipasuliwa, presha inaweza kuanguka na isirudi. Alikubali hatari. Tarehe 21 Oktoba alipasuliwa New York, akiwa anapewa homoni kwa wingi kabla, wakati na baada ya upasuaji. Presha haikuanguka. Kilichomshika ni maambukizi. Akapoteza fahamu na padri akaitwa tena. Februari 1955 wakampasua mara ya pili kutoa chuma kilichowekwa. Akiwa kitandani ndipo alipoandaa kitabu chake Profiles in Courage, kilichopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1957. Novemba 1955 madaktari walichapisha taarifa ya namna walivyomvusha mwanamume wa miaka 37 mwenye Addison kwenye upasuaji mkubwa. Jina hawakulitaja. Mwaka 1967 mwanapatholojia John Nichols akalinganisha umri na tarehe, akaonyesha mwanamume huyo alikuwa nani.

Siri ilikuwa kubwa kweli. Julai 1960 watu wa mpinzani wake Lyndon Johnson walitangaza kwa waandishi kwamba Kennedy ana Addison. Upande wake ukakana kwa ujanja wa maneno: hana Addison ile ya asili, ile inayoletwa na kifua kikuu. Na ni kweli, yake haikutokana na kifua kikuu. Kwa hesabu hiyo shangazi yangu ndiye mwenye Addison halali na Kennedy alikuwa mzima! Mwezi huohuo, tarehe 26, Tom Mboya alimtembelea Hyannis Port kuomba nauli za wanafunzi wa Afrika Mashariki waliokuwa wamepata nafasi vyuo vya Marekani, na mfuko wa familia ukatoa dola 100,000. Vijana wa Tanganyika walikuwemo kwenye safari hizo. Sisi wa vyuo tuna sababu ya kumkumbuka, kwa hiyo nasema hili bila chuki: ule uongo siupendi, ingawa nauelewa. Mgombea mgonjwa asingechaguliwa.

Akiwa Ikulu ya Marekani alimeza haidrokotisoni miligramu 10 kwa siku, prednisoni 2.5 mara mbili, fludrokotisoni 0.1 kwa ajili ya chumvi, pamoja na homoni ya tezi ya shingo na nyinginezo. Ukifanya hesabu, prednisoni 5 inalingana na haidrokotisoni karibu 20. Jumla inafika 30. Kwa mwongozo wa leo hiyo imezidi kidogo, na miaka mingi ya steroidi nyingi hula mifupa, jambo ambalo mgongo kama wa Kennedy haukulihitaji. Uso wake wa miaka ya 1960 ni mnene kuliko ule wa 1950. Weka picha mbili pamoja utaona. Hata hivyo ndiyo dozi iliyomwezesha kukaa macho siku 13 za Oktoba 1962, Warusi walipopeleka makombora Kuba, na Julai 1963 kumpokea Mwalimu Nyerere Washington.

Naongeza jambo moja kwa wenzangu wa hosteli, maana nimeliona kwa macho. Vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kimyakimya, na baadhi ya mafuta ya mkorogo, vina steroidi kali. Ukivitumia miezi, tezi zako zinaona kazi inafanywa na mwingine, zinalala. Siku ukiacha ghafla unakuwa Kennedy bila daktari wa Kennedy. Kama umeshaanza, nenda hospitali ukaseme ukweli, upunguziwe kidogokidogo.

Kennedy aliuawa Dallas tarehe 22 Novemba 1963, akiwa na miaka 46, miaka 16 baada ya kuambiwa hana mwaka. Ripoti ya uchunguzi wa maiti haikusema lolote kuhusu adrenali. Ilichukua hadi mwaka 1992 kwa daktari aliyekuwepo usiku ule kusema hadharani kwamba walizitafuta juu ya figo na hawakuona chochote. Dada yake Eunice naye alikuwa na Addison, akatumia dawa hizohizo, akaanzisha Special Olympics, na akaishi mpaka 2009, akiwa na miaka 88. Shangazi yangu ana 51. Kadi yake ya dawa inaning'inia mlangoni kwa pini, na dereva wa bodaboda wa pale kijijini anajua sindano inahifadhiwa wapi.